Jabe: Je, Lugha Moja Yatosha Kujenga Umoja?

Mwaka jana, tulipokuwa tukijadili jinsi maana ya neno inavyobadilika kutoka mahali hadi mahali, mwanafunzi mmoja aliinua mkono. "Samahani, Mwalimu," alisema. "Kitabuni tumesoma kwamba Mswahili ni mtu wa mwambao, mwenye lugha yake na ustaarabu wake. Mbona kwetu bibi akisema fulani ni umuswahili, anamaanisha kwamba mtu huyo ni mwongo?"

Darasa zima lilicheka. Wanafunzi wawili tu hawakucheka. Wote wawili ni wazaliwa wa Jabe, na nyumbani kwao Kiswahili ndiyo lugha ya kwanza.

Siku ile nilijibu kwa haraka, kwa kuwa kengele ilikuwa karibu kulia. Nilisema kwamba Kiswahili ni lugha ya umoja, na kwamba tusitumie neno hilo kwa kejeli. Jibu hilo halikuwa la uongo, ila lilikuwa jepesi mno. Makala hii ni jibu langu la pili, na ili nilitoe sina budi kuanza na historia ya mtaa wenyewe.

Mtaa wenye ndimi nyingi

Jabe, ambayo wenyeji huiita pia Kwijabe, ni sehemu ya Bwiza, katika tarafa ya Mukaza, jijini Bujumbura. Majirani zake ni Buyenzi na Nyakabiga, na mto Ntahangwa unapita si mbali ukielekea Ziwa Tanganyika. Anayetaka kuufahamu mtaa huu na aende sokoni asubuhi. Atakuta ndagala na mukeke kutoka ziwani, maharage kutoka vilimani, vitenge na nguo za mitumba. Bei hutajwa kwa Kirundi, hupunguzwa kwa Kiswahili, na risiti, ikiwapo, huandikwa kwa Kifaransa. Mwadhini na kengele ya kanisa husikika katika eneo moja. Muuzaji huenda akawa na babu wa Ujiji na bibi wa Uvira, na mkewe akawa binti wa Muramvya au Ngozi.

Soko kuu la Bujumbura lilipoteketea kwa moto tarehe 27 Januari 2013, wafanyabiashara wengi waliopoteza mali zao walitawanyika katika masoko ya mitaani, yakiwemo ya Jabe na Ruvumera kule Buyenzi. Watu wa mitaa hii wamezoea kusogeana ili mwingine apate nafasi.

Tukiishia hapo, tutakuwa na picha nzuri ya kuning'iniza ukutani: watu wa asili mbalimbali, soko moja, lugha moja. Lakini mwanahistoria hana budi kuuliza jinsi watu hawa walivyokutana hapa, na nani aliyeamua kwamba waishi hapa wala si penginepo.

Mji uliopangwa kwa rangi ya ngozi

Kiswahili kilifika kaskazini mwa Ziwa Tanganyika kabla ya wakoloni, kwa njia ya misafara ya biashara iliyokuwa na kituo chake kikuu Ujiji. Biashara hiyo ilihusisha pembe za ndovu, chumvi na nguo. Ilihusisha pia watumwa. Mfalme Mwezi Gisabo alipambana na majeshi ya mfanyabiashara Rumaliza, aliyetaka kuieneza mamlaka yake katika nchi ya Burundi, na akayazuia. Kwa hiyo kumbukumbu ya kwanza ya Mswahili vilimani haikuwa ya jirani. Ilikuwa ya mtu wa kuogopwa. Huo ni mzizi mmoja wa kejeli ile, na si haki kuuficha.

Wajerumani walipojenga kituo chao cha kijeshi Usumbura, mwishoni mwa karne ya 19, walikuja na askari na wapagazi waliosema Kiswahili, wakakitumia katika utawala. Mwaka 1916 Wabelgiji waliuteka mji, nao wakaleta askari na vibarua kutoka Kongo. Wengi wa watu hao hawakurudi walikotoka. Walioa, wakajenga, wakazaa.

Baadaye Usumbura ukawa makao makuu ya utawala wa Ruanda-Urundi, na mji ukapangwa kwa rangi. Wazungu waliishi Rohero, kisha Kiriri mlimani, penye upepo mwanana. Wafanyabiashara kutoka Bara Hindi na Uarabuni walikuwa na mtaa wao, ambao hata leo unaitwa kwa Kifaransa Quartier Asiatique. Waafrika waliwekwa Buyenzi, uliokuwa mtaa wa Waswahili, na katika mtaa ulioitwa Belge, ambao leo ni Bwiza. Barabara za mitaa hiyo zilichorwa kwa rula na kupewa namba badala ya majina.

Mchanganyiko tunaousifu leo haukutokana na hiari peke yake. Ulitokana kwanza na ubaguzi, yaani kuwatenga watu kwa sababu ya asili yao. Mkoloni aliwakusanya pamoja wote aliowaona hawafai kuishi karibu naye. Sifa ya wakazi ni kwamba, wakiwa wamewekwa humo bila kuulizwa, waliweza kuishi kama majirani.

Watu wasio na kilima

Nchini Burundi swali la kumtambua mtu halikuwa "unaishi mtaa gani?" bali "unatoka kilima gani?" Kilima, ambacho kwa Kirundi huitwa umusozi, kilikuwa ndicho anwani, ukoo na shamba. Aliyekuwa na kilima alikuwa na wazee wa kumwamulia kesi na udongo wa kuzikwa.

Mitaa ya Waafrika mjini iliwekwa katika utaratibu mwingine. Kwa Kifaransa cha serikali eneo la namna hiyo liliitwa centre extra-coutumier, maana yake kituo kilicho nje ya mila. Ukiyatafakari maneno hayo utaona uzito wake. Machoni pa sheria, mkazi wa Buyenzi au Belge alikuwa nje ya mila za Warundi, na wakati huohuo hakuwa na haki za Mzungu. Alikuwa mtu wa katikati, mwenye kibanda na biashara ndogo, asiye na kilima.

Wamisionari nao walikishuku Kiswahili, kwa sababu waliona kuwa kinabeba Uislamu. Walihubiri na kufundisha kwa Kirundi, na waliopanda ngazi za shule walifundishwa Kifaransa. Kifaransa kikawa ufunguo wa ofisi. Kiswahili kikabaki sokoni, bandarini na gereji. Mtu aliyepata riziki kwa kupatana bei, wala si kwa jembe, alionekana na wakulima kuwa anaishi kwa ulimi wake. Na kutoka hapo hadi kuitwa mwongo ni hatua fupi.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake ni kwamba anayefanya kazi pamoja nawe si mgeni tena. Waswahili wa Bujumbura walipewa jembe siku ya kwanza: walibeba mizigo, walijenga barabara, walishona nguo. Hata hivyo, vizazi vitatu baadaye, wapo walioendelea kuwaita wageni.

Wakati huohuo, huko vilimani, ukosefu wa usawa wa aina nyingine ulikuwa ukikuzwa. Burundi ilikuwa na Wahutu, Watutsi na Watwa, pamoja na ukoo wa kifalme wa Waganwa. Tofauti zao zilikuwapo kabla ya ukoloni, lakini hazikuwa ukuta usiopitika. Wabelgiji walipopanga upya utawala, waliwaondoa machifu Wahutu hatua kwa hatua, hata kufikia mwaka 1945 hapakuwa na chifu Mhutu aliyesalia. Watwa, wengi wao wafinyanzi wasio na ardhi, hawakuhesabiwa popote.

Mwana wa mfalme na wachuuzi

Kuna mtu mmoja aliyeyaunganisha mambo haya mawili, mji na vilima. Naye ni mwanamfalme Louis Rwagasore, mwana wa Mwami Mwambutsa wa Nne.

Aliporudi kutoka masomoni Ubelgiji, hakuanza na hotuba za uhuru. Alianza na ushirika wa wafanyabiashara Waafrika, kwa sababu aliona kwamba mchuuzi wa Usumbura hakuwa na mtaji wala mkopo wa kumwezesha kushindana na maduka ya wageni wenye uwezo. Wengi wa wachuuzi hao walikuwa Waswahili wa Buyenzi na Bwiza. Ushirika ulipata matatizo ya fedha, lakini urafiki ulibaki. Chama cha UPRONA kilipoinuka, mitaa hiyo ilikuwa miongoni mwa ngome zake za kwanza.

Katika uchaguzi wa tarehe 18 Septemba 1961, UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64. Wahutu, Watutsi, Waganwa na Waswahili walikuwa wamekipigia kura chama kimoja. Tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo Rwagasore, akiwa Waziri Mkuu kwa majuma machache tu, aliuawa kwa risasi. Nchi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962 bila yeye.

Somo ninaloliona hapa ni hili: Rwagasore hakuwaambia wachuuzi "tupendane" tu. Alianza na mtaji wao. Alielewa kwamba huwezi kumwomba mtu umoja huku mfuko wake ukiwa mtupu na wa jirani yake umejaa.

Lugha moja, damu nyingi

Sasa nafika mahali panapomtia mwalimu wa lugha mashakani. Mara nyingi husemwa kwamba Afrika imegawanyika kwa sababu ya wingi wa lugha, na kwamba lugha moja italeta amani. Basi tuitazame Burundi. Mhutu, Mtutsi na Mtwa husema Kirundi kilekile. Walikuwa na mfalme mmoja na sikukuu moja ya kupanda mtama, umuganuro. Wameishi juu ya kilima kilekile. Ikiwa lugha moja ingetosha, Burundi ingekuwa nchi tulivu kuliko zote.

Haikuwa hivyo. Mwaka 1972, baada ya waasi Wahutu kushambulia na kuwaua Watutsi kusini mwa nchi, utawala wa Michel Micombero ulijibu kwa kuwaua Wahutu, hasa waliosoma: walimu, wauguzi, wanafunzi, watumishi wa serikali. Inakadiriwa kwamba waliouawa walizidi laki moja. Wengine wengi walikimbilia Tanzania, katika makazi ya Katumba, Ulyankulu na Mishamo, ambako watoto wao walikua wakisema Kiswahili. Baada ya hapo zilikuwapo familia za Kihutu zilizoiogopa shule yenyewe, kwa kuwa daftari lilikuwa limewaua wazazi. Hivyo ndivyo ukosefu wa usawa unavyorithiwa: mauaji hukoma, lakini dawati hubaki tupu kwa miaka mingi.

Tarehe 21 Oktoba 1993 aliuawa Rais Melchior Ndadaye, Mhutu wa kwanza kuchaguliwa kuiongoza nchi, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Watutsi waliuawa vilimani, Wahutu waliuawa na jeshi, na mitaa ya Bujumbura ikaanza kuchujwa. Kamenge ulikuwa wa Wahutu; Ngagara, Musaga na Nyakabiga ikawa ya Watutsi. Bwiza na Buyenzi ilikuwa miongoni mwa mitaa ya mwisho iliyobaki na mchanganyiko. Mwishoni mwa Machi 1995 zamu yao ilifika. Wanamgambo vijana wa Kitutsi, wakisaidiwa na baadhi ya askari, waliwaua na kuwafukuza Wahutu pamoja na raia wa Zaire, na maelfu ya watu wakavuka mpaka. Wote walikuwa wakisema Kirundi na Kiswahili: waliokimbia, waliokimbiza, na waliochungulia dirishani.

Hata hivyo, siku hizo mbaya zilionyesha jambo jingine pia. Ndani ya Buyenzi, Waislamu wengi, Wahutu kwa Watutsi, walikataa kugawanywa. Watu walifichwa katika nyumba na misikiti, na mtaa huo ukaendelea kuwa na watu wa makundi yote wakati mitaa mingine ilipokuwa imekwisha kugawanywa. Waliokoka kwa sababu mtu mmoja alimfungulia jirani yake mlango. Lugha waliyosema ilikuwa ileile ya wauaji. Lililotofautiana ni walichokuwa wamejenga kwa miaka mingi kabla ya hapo: ndoa, mazishi, swala na deni la dukani.

Arusha mara mbili

Jina la mji wa Arusha linatokea mara mbili katika habari hii, na inafaa kuzilinganisha nyakati hizo.

Mwaka 1967, katika Azimio la Arusha, Tanzania ilitangaza siasa ya ujamaa na kujitegemea. Wengi wanapoisifu Tanzania kwa umoja wake hutaja Kiswahili tu. Wanasahau kwamba Julius Nyerere alikitembeza Kiswahili sambamba na sera za kupunguza pengo: viongozi walikatazwa kujilimbikizia mali, na elimu ikapanuliwa hadi vijijini. Mafanikio ya sera hizo yanaweza kujadiliwa, na umaskini haukwisha. Lakini mtoto wa Kigoma aliona kwamba lugha aliyoambiwa ni ya taifa ndiyo iliyokuwa ikifundishia katika shule yake ya msingi.

Mara ya pili ni tarehe 28 Agosti 2000, Warundi walipotia saini Mkataba wa Arusha, baada ya usuluhishi ulioanzishwa na Nyerere na kukamilishwa na Nelson Mandela. Mkataba huo haukuhubiri upendo. Uligawa nafasi. Kutokana nao, katiba ya mwaka 2005 iliweka katika Bunge asilimia 60 kwa Wahutu na 40 kwa Watutsi, nafasi tatu kwa Watwa, na angalau asilimia 30 kwa wanawake. Jeshi nalo lisiwe la kundi moja. Wapo wanaolalamika kwamba hesabu hizo huwakumbusha watu makundi yao. Mimi naona kwamba ziliondoa sababu kubwa ya hofu: hofu ya kutawaliwa daima na jirani yako.

Lakini mtoto wa Jabe aliyezaliwa na ukoo wa Ujiji na Uvira anapoitazama hesabu hiyo, hajioni. Hana fungu lake, wala pengine hahitaji fungu. Anachohitaji ni kutoulizwa kila anapokwenda ofisini kwamba "hasa hasa" anatoka wapi. Sheria ya uraia ya mwaka 2000 huupitisha uraia hasa kwa baba; kwa hiyo, katika mtaa ambao mama wengi ni Warundi na baba huenda akawa na asili ya ng'ambo ya ziwa, karatasi ya baba yaweza kuamua maisha ya mtoto.

Neno lilelile, sauti nyingine

Mwaka 2007 Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na katika kipindi hicho Kiswahili kikaingizwa katika shule za msingi. Tarehe 7 Julai kila mwaka dunia inaadhimisha Siku ya Kiswahili, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Leo mzazi wa Kiriri humtafutia mwanawe mwalimu wa kumfundisha lugha ambayo mtoto wa Jabe alinyonya pamoja na maziwa. Sheria ya lugha ya mwaka 2014, hata hivyo, inazitaja Kirundi, Kifaransa na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kiswahili kinafundishwa, ila hakimo katika orodha hiyo.

Nifurahi? Ndiyo, nafurahi. Lakini naogopa jambo moja. Naogopa tusije tukakipandisha Kiswahili cheo na kuwaacha wasemaji wake wa kwanza pale walipokuwa. Inawezekana kabisa kuadhimisha Siku ya Kiswahili mchana, na jioni kumwita jirani umuswahili kwa maana ya mwongo. Inawezekana kuiheshimu lugha huku tukiudharau mtaa ulioihifadhi.

Kwa hiyo, jibu langu la pili kwa mwanafunzi yule ni hili. Bibi yako hakuibuni maana hiyo. Aliirithi kutoka enzi za misafara ya watumwa, kutoka kwa wamisionari walioogopa msikiti, na kutoka kwa serikali iliyowaweka watu nje ya mila kisha ikawalaumu kwa kukosa mila. Usimkemee, mweleze. Wewe unayeijua historia ya neno huna tena kisingizio cha kulitumia kama kejeli.

Kwa wale wawili ambao hawakucheka, nina neno moja zaidi. Kiswahili chenu si cha mtaani kwa maana ya kudharauliwa. Kiliwaunganisha wachuuzi na mwana wa mfalme kabla hakijaandikwa katika mtaala wowote. Lakini msikubali mtu awaambie kwamba kwa kuwa mnasema lugha moja na wote basi mmekwisha kuwa sawa na wote. Lugha hufungua mazungumzo. Usawa huamuliwa na yanayozungumzwa baada ya hapo: ardhi, shule, karatasi na kazi.

Maswali ya kujadili

1. Mwandishi anasema kwamba mchanganyiko wa Jabe na Buyenzi ulitokana kwanza na ubaguzi. Eleza maana ya kauli hiyo kwa maneno yako mwenyewe.
2. Tofautisha umoja na usawa. Toa mfano mmoja wa kila kimoja kutoka mtaa au kilima unachokifahamu.
3. Je, kugawa nafasi za uongozi kwa makundi huimarisha umoja au huudhoofisha? Jenga hoja mbili za kila upande kabla ya kutoa msimamo wako.
4. Muulize mzee mmoja wa familia yako maana ya neno Mswahili. Andika jibu lake kwa Kiswahili fasaha, bila kulisahihisha.